Picha iliyokuharibikia ikakufunza: tupeane uzoefu, watu wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Fundi wa Bondeni (Nakuru)
Hamjambo wapiga picha. Kila wiki kuna kijana ananiuliza anunue kamera gani, nami namwambia anionyeshe kwanza picha alizoharibu. Kwa hivyo hapa hatuzungumzii kamera. Lete picha moja iliyokuharibikia, sema ni nini kilienda kombo na siku hizi unafanyaje.

Naanza mimi. Ilikuwa harusi yangu ya pili ya kulipwa. Bi harusi gauni jeupe pe, bwana harusi suti nyeusi ti, na sote ngozi zetu mnazijua. Saa saba mchana, nje ya kanisa. Nikaiachia kamera ijipangie yenyewe. Nafika nyumbani nafungua kompyuta: lesi ya gauni unaweza kuihesabu uzi kwa uzi, lakini nyuso! Macho na meno tu. Mama wa bi harusi akanipigia simu, akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Baba, kwani siku ile kulikuwa na giza?"

Kipima mwanga cha kamera hakijui kuna harusi. Chenyewe kinadhani kila kilicho mbele yake, ukikichanganya pamoja, kitatoa kijivu. Kikiona gauni jeupe limejaa kwenye fremu, kinasema mwanga umezidi, kinapunguza, na uso ndio unaolipa. Piga bwana harusi peke yake na suti yake, kitafanya kinyume, kiongeze mpaka kola ya shati iungue.

Siku hizi napima mwanga shavuni, si kwenye nguo. Lakini ngozi nyeusi sana ukiipima hivyo na kuacha, kamera itaigeuza kijivu, mtu atoke kama amepakwa majivu. Kwa hivyo nikishapima shavu napunguza mwanga kama theluthi mbili ya hatua (ile wanayoita "stop"; hatua nzima ni kukata mwanga nusu), wakati mwingine hatua nzima. Halafu jua la saa saba nimeachana nalo. Natafuta mti, nawasimamisha pale kivuli kinapokaribia kuisha, nyuso zikitazama nje kwenye uwazi. Mwanga mpana unaotoka ubavuni, wa dirisha au wa mlango, unapita juu ya shavu na kuacha mng'ao, na hapo ndipo umbo la uso linapoonekana. Flashi ya usoni inalifuta lote.

Zile picha niliziokoa nusu. Pesa nilirudisha nusu pia.

Mama Pasipoti (Nakuru)
Fundi, pole. Mimi yangu ni ndogo. Nina kibanda cha picha za pasipoti. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawabandika watu ukutani kabisa, kila kichwa kinatoka na kivuli cheusi nyuma kama pacha wake. Picha zikikataliwa, wateja wananirudia wamefura. Suluhisho lilikuwa hatua moja na nusu: mteja asogee mbele, ukuta ubaki nyuma.

Na nyinyi wa simu, futeni lenzi! Mtu ananiletea simu anasema kamera yake imeanza kutoa ukungu. Naifuta kwa pindo la leso, ukungu unaisha. Ilikuwa mafuta ya chapati.

Kijana wa Dunga (Kisumu)
Wageni wanakuja Dunga, ufuo wetu wa Ziwa Victoria, saa kumi na moja jioni, wanapiga jua likiwa bado kali, likigusa maji wanawasha gari na kwenda zao. Nami nilikuwa hivyo. Kwanza jueni saa. Kisumu tuko magharibi mwa nchi, jua letu linachelewa. Novemba linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, Februari linakaribia saa moja kamili. Na huku kwenye ikweta linashuka wima, halina mzaha. Ukienda kununua samaki wa kukaanga ukirudi limekwisha.

Kosa langu lilikuwa kugusa mvuvi kwenye kioo cha simu. Simu inatii, inamwangazia mvuvi, na anga yote inakuwa nyeupe kama maziwa. Sasa nagusa anga, pembeni kidogo mwa jua, nashikilia kidole mpaka simu ifunge kipimo, kisha nateremsha mwanga kwa kidole. Mvuvi anabaki kivuli cheusi, na rangi zinabaki. Ila kivuli kinataka nafasi. Kasia likiwa limelala mwilini utapata bonge jeusi tu. Subiri alinyanyue, uone anga kati ya mkono na mbavu, ndipo ubonyeze.

Jua likizama msiondoke. Dakika kumi au kumi na tano baadaye mawingu ya juu hushika rangi tena, na gugumaji lililokuwa linakera mbele linakuwa zulia.

Nyar Kano (Kisumu)
@Kijana wa Dunga, umenikumbusha aibu. Nilitaka kupiga taa za wavuvi wa omena usiku, zile zinazoelea kama mji mdogo ziwani. Nikapanda mtumbwi na tripodi yangu, nikaifunga vizuri, nikaacha shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, wazi sekunde kumi. Mwenye mtumbwi ananitazama tu. Kila taa ilitoka kama mnyoo. Mzee akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), hicho kitu chako kina miguu mitatu, lakini maji yana miguu mingapi?" Nikanyamaza.

Tripodi inasimama nchi kavu. Sasa napiga nikiwa ufuoni.

Yangu nyingine ni ya ukumbini. Hafla ya usiku, taa za LED, picha zote zina mistari myeusi kama shuka ya Mmasai. Nikadhani kamera imekufa. Kumbe stima yetu ni ya hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na mimi shata yangu ilikuwa kwenye 1/640 ya sekunde. Nikashuka mpaka 1/100, mistari ikatoweka. 1/50 pia inafaa, kama watu hawachezi.

Mulembe Lenzi (Kakamega)
Mulembe nyote. Ya kwangu ni ya mapigano ya fahali, Khayega, huku kwetu Kakamega, Jumamosi asubuhi na mapema. Ngoma za isukuti zinalia, vumbi, watu wanakimbia mbele na nyuma. Nikapiga fahali wa kwanza na wa pili wakitazamana, kisha nikainamisha kichwa niangalie kama picha imetoka. Wakati huohuo pembe zikagongana. Niliisikia ile "ko!" nikiwa natazama kioo cha kamera. Na hicho ndicho nilichotoka kwetu saa kumi usiku kukifuata.

Nilipoinua kichwa fahali aliyeshindwa alikuwa anakuja upande wetu. Kukimbia nilikimbia, na kidole kikabaki kwenye kitufe. Nina picha 31 za nyasi na kiatu changu.

Basi: usiangalie kioo wakati mambo bado yanaendelea, utaangalia jioni. Shata isishuke chini ya 1/1000, maana kwenye 1/250 pembe zinatoka kama ufagio. Asubuhi mwanga ni mdogo, pandisha ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) mpaka 1600 au zaidi bila kuogopa chengachenga. Picha yenye chengachenga ina wenyewe, iliyotikisika haina. Fokasi iwe ile inayofuata mnyama. Na kabla ya yote, jua utakimbilia wapi.

Fundi wa Bondeni
Picha ya kiatu iko wapi? Tuletee.

Muuza Mitumba (Kibuye)
Mimi si mpiga picha, nauza nguo mtandaoni. Nilikuwa napigia chumbani usiku chini ya balbu, blauzi nyeupe zinatoka manjano, wateja wanasema nimewatapeli rangi. Sasa natandika nguo kwenye meza karibu na mlango, saa tatu asubuhi, balbu nimezima. Upande wa giza naweka kadibodi nyeupe irudishe mwanga. Basi.

Halafu nyinyi wenye kamera kubwa mnaokuja sokoni. Kuna mmoja alinielekezea lenzi bila hata salamu. Nikamuuliza, "Utanunua ama unanihesabu?" Akaondoka. Wiki iliyofuata akaja mwingine, akanunua nyanya kwa jirani yangu, akachagua soksi kwangu, akauliza habari ya biashara. Akapiga picha nusu saa nzima na wala hatukumwona. Tena alizileta zimechapishwa. Moja iko ukutani kwangu.

Msafiri wa Menengai (Nakuru)
Nilikwenda Ziwa Nakuru kutafuta heroe (flamingo), nikiwa na zile picha za kalenda kichwani, ufuo wote wa waridi. Nikakuta maji yamepanda, heroe wachache, tena mbali. Ziwa likijaa maji ya mvua magadi yake yanapungua, na chakula chao kinapungua nayo. Wengi huhamia Ziwa Bogoria. Nikasimama kwenye Jabali la Nyani (Baboon Cliff) nikivuta zumu ya simu mpaka mwisho. Ile zumu ya mwisho ni mkasi tu, inakata picha na kuipanua. Nilipata vidoa.

Nilipokata tamaa ndipo nikaona migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji, myeupe, na mwari mmoja juu ya tawi. Nikapiga hiyo. Ndiyo picha pekee ya safari ile niliyowahi kuuza.

Mulembe Lenzi
Fundi, kiatu hicho hapo nimekiweka. Angalia vizuri pembeni kulia, utaona mkia.

Nyar Kano
Kumbe fahali alikuwa anakimbilia kule, na wewe unakimbilia huku?

Mulembe Lenzi
Dada, hilo nililiona jioni nilipoangalia kioo.