Mama yuko kwenye tiba shufaa (ya kumpunguzia mateso, si ya kuponya) nyumbani, je, tumkande?

Binti_Pangani:
Wapendwa, mama ana saratani ya shingo ya kizazi, na imeshafika kwenye mfupa wa nyonga. Hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wamemruhusu, tuko naye Tanga, anakunywa mofini ya maji kila baada ya saa nne. Maumivu yamepungua, lakini usiku halali. Ananishika mkono na kuniuliza mjukuu wake atabaki na nani. Mama mdogo anataka tumkande kwa mafuta ya karafuu, na ameleta dawa ya miti ya kunywa. Nikubali lipi?

NesiLikoni:
Pole sana mwanangu. Kazi yangu ni hii ya tiba shufaa. Mguseni, ila kwa kumpapasa taratibu: viganja, nyayo, mabega. Nyonga iacheni kabisa, mfupa ulioingiwa na saratani huvunjika upesi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma usiuguse, mwite daktari, huenda damu imeganda mshipani. Karafuu huwasha ngozi iliyopigwa mionzi. Mafuta ya nazi matupu yanatosha. Hiyo dawa ya miti msimpe kabla daktari hajaiona. Nyingine huumiza figo, na figo zikichoka mofini hujaa mwilini, mgonjwa akaanza kuweweseka.

Lakini kinachomkosesha usingizi ni huyo mjukuu. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's, nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiopona, kule London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa kama mama ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya imani kwa pamoja. Iteni kikao cha ukoo, mama akiwepo, aseme mwenyewe mtoto akae na nani. Nimewaona wagonjwa wakilala usiku uleule.

Baba Zuhura:
Pole dada. Marehemu baba alikuwa akiumia zaidi wakati wa kuoshwa. Nesi alituelekeza tumwoshe dawa ikishaanza kufanya kazi, nasi tukamwekea kaswida kwa sauti ya chini. Ulizia pia dawa ya kulainisha choo, mofini hufunga choo sana.

Binti_Pangani:
Asanteni mno. Mama mdogo amekubali kuweka ile dawa kando. Kikao ni Jumapili, mjomba anatoka Korogwe. Nesi, mtoto ana miaka tisa, naye akae?

NesiLikoni:
Akae. Mweleze mapema kwamba bibi ana saratani na hatapona, na kwamba si kwa kosa la mtu yeyote, maana watoto hujilaumu kimyakimya. Akitaka kutoka katikati ya mazungumzo, mwacheni atoke.