Noti ya won 500 ya marehemu Babu

Shangazi Mwanaidi: Asalaam alaykum, jamaa wote. Jana nilipokuwa nikipanga nyaraka za marehemu Baba, nilikuta ndani ya kitabu chake cha ubaharia noti moja ya Korea Kusini ya won 500, yenye picha ya mzee mwenye ndevu na meli iliyofunikwa juu kama gamba la kobe. Bakari aliipeleka kwenye duka moja la kubadilishia fedha hapa Tanga, akaambiwa kwamba hiyo si fedha tena. Idrisa mwanangu, wewe uliye huko Busan, tueleze hali yake na thamani yake kabla hatujaamua la kufanya.

Idrisa: Waalaykum salaam, Shangazi, shikamoo. Shikamoo, Baba Mdogo. Nimezitazama picha zote mbili kwa utulivu. Mzee huyo ni Yi Sun-sin, jemadari wa majini aliyepigana na Wajapani tangu mwaka 1592 hadi alipouawa vitani mwaka 1598, na kwa kuwa upande wa nyuma una jengo la Hyeonchungsa, linalomuenzi yeye, basi hilo ni toleo la mwaka 1973. Noti hizo zilianza kutoweka mikononi mwa watu baada ya sarafu ya won 500 kutolewa mwaka 1982, lakini Benki Kuu ya Korea bado huzipokea kwa kiasi kilichoandikwa juu yake, ambacho kwa leo hakifiki nusu dola ya Marekani.

Baba Mdogo Bakari: Marahaba. Nilipata kusoma kwamba Chung Ju-yung, mwanzilishi wa Hyundai, aliwaonyesha Waingereza noti ya won 500 yenye meli hiyo alipokuwa akitafuta mkopo wa kujenga kiwanda cha meli. Je, siyo hii?

Idrisa: Siyo hii, Baba Mdogo. Kisa hicho ni cha mwaka 1971, kwa hiyo noti aliyoitoa mfukoni ilikuwa ya toleo la 1966, ambalo mbele lina lango la Namdaemun na meli ya kobe iko nyuma. Wengi huzichanganya, hata wauzaji.

Sasa nije kwenye hali yake, kwa sababu hapo ndipo wakusanyaji wanapopimia bei. Naona mikunjo mitatu ya wima na mmoja wa mlalo, na pale inapokutana katikati pana tundu dogo linalopitisha mwanga. Pembe zimekuwa butu, na ukingo wa juu una mpasuko mfupi ambao haujafika kwenye mchoro. Noti ambayo haijawahi kukunjwa ingeuzwa kwa bei nyingine kabisa. Hii imepita mifukoni na sokoni, na kwa kuwa wenzake waliosalia ni wengi, nadhani mnunuzi wa hapa atatoa dola chache tu.

Zainabu: Na tukiiosha kidogo, kisha tukaipiga pasi mikunjo ipotee?

Idrisa: Tafadhali msithubutu, dada. Maji huondoa ule ugumu wa karatasi mpya, na pasi hulaza wino ulioinuka, na mnunuzi mzoefu hutambua hayo kwa kuipapasa tu. Msibandike hata gundi ya karatasi kwenye ule mpasuko. Shangazi, naomba uilaze mezani usiku, uimulike tochi kutoka ubavuni, kisha uniambie unachokiona.

Shangazi Mwanaidi: Nimefanya hivyo. Mikunjo ni kama ulivyosema, lakini kwenye ukingo mweupe wa nyuma pametokea maandishi ya penseli ambayo mchana sikuyaona kabisa. Pameandikwa «Pusan 1978», na herufi P ina mkia mrefu, kama alivyokuwa akiiandika Baba kwenye barua zake. Je, niyafute?

Idrisa: Usiyafute, Shangazi. Mkusanyaji atayahesabu kuwa dosari na kupunguza bei, nami nakubali; lakini kifutio kitang'oa nyuzi za karatasi na kuacha kovu baya zaidi. Pusan ndivyo walivyoliandika jina la mji huu zamani hizo.

Baba Mdogo Bakari: Basi haiuzwi. Dada, iweke kati ya karatasi mbili safi, irudi kwenye kitabu chake cha ubaharia.