Tupeane uzoefu: korona ilibadilishaje matembezi na michezo yetu ya nje?

Mwana wa Mengo

Salaam wanajukwaa. Tukikumbuka korona hapa Uganda tunataja shule, biashara na wagonjwa, na ni haki. Lakini kutembea, kukimbia, kupanda milima, kukaa ufukweni, hayo yamepita kimya kimya, na kwangu si mambo madogo. Naomba kila mmoja atupe yake.

Naanza na baba yangu. Ana kisukari, na daktari alimwambia atembee kila siku. Kila alfajiri baada ya swala alikuwa anazunguka Ziwa la Kabaka, lile bwawa la kuchimbwa hapa Kampala. Ikaja lokidauni ya Machi 30, 2020. Tukadhani matembezi yatabaki, kumbe watu walijazana barabarani kukimbia makundi makundi, na Aprili mazoezi ya nje yakapigwa marufuku. Rais akatoa video anakimbia peku ofisini na kupiga pushapu 30, wananchi waige majumbani.

Sisi ni wapangaji, vyumba viwili na ua wa hatua 28. Mzee akautembea huo ua. Asiharibu hesabu, alitia punje 50 za maharage mfuko wa kulia. Kila mzunguko mmoja, punje moja inahamia kushoto. Watoto wa majirani wakawa wanamfuata nyuma kwa mstari, na yeye hakuwafukuza. Sukari yake haikupanda. Mpaka leo kanzu zake hazikosi maharage mfukoni, mama akifua lazima akague kwanza.

Mama wa Bombo

Pole na hongera kwa mzee, mwanangu. Mimi wangu walikuwa wanne, shule zimefungwa tangu Machi 2020 hadi zilipofunguliwa zote Januari 2022. Mpira wa dukani ulipasuka wiki ya pili na duka la mipira limefungwa. Wakasuka wa majani makavu ya mgomba. Saa moja jioni kafyu, na hapo ndipo jua linapopoa na mtoto anataka kucheza! Nilichoumia nacho ni huyu wa mwisho: aliingia lokidauni ana miaka minne, na tulipotoka alikuwa anaogopa uwanja mkubwa. Ananishika gauni, anasema, “Mama, ukuta uko wapi?”

Baiskeli ya Ntinda

Kwangu ilikuwa kinyume. Magari binafsi yamezuiwa, teksi hakuna, boda haziruhusiwi kubeba abiria, mizigo tu na mwisho saa nane mchana. Nikafufua baiskeli ya marehemu babu ili niende kazini. Sijawahi kuiona Kampala vile, unasikia ndege katikati ya mji. Magari yaliporudi niliendelea, ila sasa kwa woga.

Mvuvi Entebbe

Huku mambo yalikuja mawili kwa pamoja. Fukwe zimefungwa kwa ugonjwa, na Mei 2020 Ziwa Victoria likapanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, rekodi ya wakati ule. Hata tungeruhusiwa, mchanga wenyewe ulikuwa chini ya maji.

Mpagazi wa Nyakalengija

Ndugu zangu, mimi ni Mkonzo, kazi yangu ni kwenye milima ya Rwenzori. Huko juu kuna theluji yetu wenyewe. Kilele cha Margherita ni mita 5,109. Miezi yetu mizuri ni Desemba hadi Februari, kisha Juni hadi Agosti. Februari 2020 niliteremsha wageni, nikaosha buti za mpira tope la kinamasi cha Bigo, nikazianika. Sikujua kwamba zitakaa hapo mpaka panya watengeneze kiota ndani.

Vile vyuma vya meno tunavyofunga chini ya buti kukanyaga barafu nilivitia kwenye gunia la kahawa, na kila Ijumaa nikavipaka mafuta visishike kutu. Mke wangu aliniuliza, “Baba Bwambale, unampakia nani?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nalima kahawa na vitunguu, mlima nauangalia kwa macho asubuhi kabla mawingu hayajaufunika.

Mteja wangu mmoja Mfaransa aliniandikia kwamba hata kwao msimu wa 2020/21 lifti za kupandisha wachezaji wa theluji hazikufunguliwa kwa umma, watu wakawa wanapanda milima kwa miguu. Barua ile ilinipa moyo, nikaona hatuko peke yetu.

Wageni waliporudi, tulipanda na barakoa mifukoni, na mahema tuliyapanga kwa kuachana nafasi. Nilijiamini, nimepanda tangu ujana. Tulipofika kambi ya Elena, zaidi ya mita 4,500, kichwa kikaniuma kama mgeni wa siku ya kwanza, kwa sababu mwili ulishasahau hewa nyepesi ya huko juu. Mgeni ndiye aliyenipa chai.

Asubuhi nikatoa vile vyuma, viking'aa. Tukaenda hadi pale nilipozoea kusimama na kusema, “Hapa fungeni, barafu inaanza.” Palikuwa na mwamba mtupu. Tukatembea kitambo ndipo tukaifikia.

Mwana wa Mengo

Kaka, kitambo cha hatua ngapi?

Mpagazi wa Nyakalengija

Sikuhesabu. Safari ijayo nitabeba maharage kama mzee.