Naombeni ushauri: mdogo wangu anasema minara ya New York iliangushwa kwa mabomu, nami nimeombwa nimjibu mbele ya vijana

BintiMkomani
Assalaam alaykum, na habari za jioni nyote. Niko Lamu, nafundisha historia. Mdogo wangu wa kiume amemaliza kidato cha nne, ni mwepesi wa kuelewa na anapenda kusoma. Siku hizi amezama kwenye video za minara ya World Trade Center iliyoanguka tarehe 11 Septemba 2001. Ameshika kwamba ndege zilikuwa pazia tu, na kilichoiangusha ni mabomu yaliyotegwa ndani mapema.

Vijana wa mtaa wetu hukutana Jumamosi baada ya isha kujadili jambo moja. Wiki ijayo zamu ni yake, na wamenitaka nikae upande wa pili. Hoja zake ni hizi: wazima moto wenyewe walisema wamesikia milipuko, mafuta ya ndege hayawezi kuyeyusha chuma, na jengo namba 7 halikuguswa na ndege yoyote, lakini jioni yake likalala chini lote.

Sitafuti kumshinda. Ni ndugu yangu, sitaki aaibike mbele ya wenzake. Wala sitaki nionekane wakili wa serikali ya Marekani. Mwaka 2003 waliivamia Iraq kwa habari ya silaha ambazo hazikupatikana, na sisi Waislamu wa pwani tunajua tumeangaliwa kwa jicho gani tangu minara ile ianguke. Yeye huniambia, "Dada, waliodanganya juu ya Iraq ndio hao hao." Nimjibu vipi kwa haki, na nianze na lipi?

FundiGeti
Dada, mimi nachomelea vyuma Mombasa, mageti na mapaa ya maghala. Acha nianze na hilo la chuma.

Ni kweli chuma cha ujenzi huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, na moto wa ofisi haufiki huko. Lakini nani alisema lazima kiyeyuke? Kikifika nyuzi 600 hivi kimeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Mhunzi hangoji chuma kiwe uji ndipo akikunje. Hoja ya kuyeyuka inajibu swali ambalo jengo halikuulizwa.

Mafuta ya ndege yenyewe yaliungua kwa dakika chache tu. Kilichoendelea kuwaka ni karatasi, mazulia, meza, vyote vya orofa kadhaa kwa pamoja. Na ndege zilikuwa zimekwisha kukata nguzo kadhaa na kubandua ule utando unaopakwa kwenye chuma kukikinga na moto. Sakafu zikalegea, zikabonyea, zikavuta nguzo za nje kuelekea ndani mpaka zikapinda. Picha zinaonyesha kuta zikiingia ndani kabla mnara haujaanza kushuka.

Muulize ndugu yako hili. Mnara wa kaskazini uligongwa kwanza, saa 2:46 asubuhi kwa saa za kule. Wa kusini uligongwa saa 3:03, lakini ndio uliotangulia kuanguka, saa 3:59. Wa kaskazini ukasimama mpaka saa 4:28. Kwa nini? Wa kusini uligongwa chini zaidi, kati ya orofa ya 77 na ya 85, wakati mwenzake uligongwa kati ya 93 na 99. Mzigo uliokuwa juu ya jeraha ulikuwa mkubwa zaidi. Na yote miwili ilianza kukatika palepale ndege ilipoingia. Kama ni baruti, basi nyaya na vilipuzi vilikaa ndani ya ajali ya ndege na moto wa karibu saa nzima, na kwenye mnara wa pili saa nzima na zaidi, bila kuharibika wala kulipuka kabla ya wakati. Mimi nimeona moto unavyoifanya waya. Sikubali.

Sauti_ya_Wanyonge
Kaka Fundi umeeleza vizuri, lakini msiwafanye wanaouliza kuwa wajinga. Wazima moto wale walikuwa ndani, wengine walipoteza wenzao. Wakisema wamesikia milipuko, nani wa kuwakanusha? Halafu NIST, taasisi ya serikali iliyochunguza, ilikiri yenyewe kwamba jengo namba 7 kwa sekunde 2.25 lilishuka kama jiwe lililoachwa mkononi, bila kizuizi chochote. Na hawakupima mabaki kutafuta baruti. Mtu asipotafuta, atapataje?

MamaYaRehema
Mwanangu Binti Mkomani, hilo la milipuko niachie mimi. Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa Nairobi, mitaa michache tu kutoka ubalozi wa Marekani.

Kwanza ilisikika kelele ndogo, guruneti. Watu wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Ndipo lile bomu likalipuka, na vioo vikawaingia machoni. Wengi waliopofuka siku ile walipofuka kwa sababu hiyo. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka, madirisha yakavunjika mbali sana, na waliokufa Nairobi walikuwa 213. Mabaki ya lori lililobeba bomu yaliokotwa. Hakuna aliyehitaji video ya kuchunguzwa kwa darubini ili aamini kwamba lilikuwa bomu.

Kwa hiyo wazima moto wa New York mimi nawaamini. Walisikia walichosikia. Lakini ndani ya jumba la orofa 110 linalowaka, mafuta yalimwagika kwenye mashimo ya lifti yakawaka chini, lifti zilikatika, sakafu zilidondoka juu ya sakafu, na watu walijirusha kutoka juu, Mungu awarehemu. Kila kimoja kina kishindo chake. Sikio linakwambia pamelia kishindo, haliwezi peke yake kukwambia kimeletwa na nini. Ukiyachukua maneno ya mtu aliyekuwa msibani ukayafanya ushahidi wa jambo ambalo hakulisema, unamdhulumu.

MaalimShela
Nachangia kwenye jengo namba 7, kwa sababu ndilo swali gumu kuliko yote na ndugu yako hakosei kuliuliza.

Lilikuwa na orofa 47. Mnara wa kaskazini ulipoanguka, vifusi vililipiga na kuliwasha. Mabomba makuu ya maji yalikuwa yamevunjika, kwa hiyo mfumo wa kunyunyiza maji wa orofa za chini ulikosa maji, na wazima moto waliondolewa. Likawaka karibu saa saba, mpaka saa 11:20 jioni. Ripoti ya mwaka 2008 inasema mihimili ya sakafu ilipashwa moto ikarefuka, ikausukuma mhimili mkubwa ukatoka kwenye kikalio chake karibu na nguzo ya 79. Orofa za pale zikaangukiana, nguzo ile ikabaki haina cha kuishika, ikapinda. Ndani kukaporomoka kwanza. Tazameni video nzima, msianzie ile iliyokatwa: kijumba cha juu ya paa upande wa mashariki kinazama sekunde kadhaa kabla ya kuta za nje. Zile sekunde 2.25 ni za ganda la nje, baada ya nguzo zake kupinda kwenye orofa kama nane.

Bwana Sauti ana haki kwenye mawili. Kipimo cha sekunde 2.25 hakikuwemo kwenye rasimu ya NIST. Mwalimu mmoja wa fizikia aliwabana, wakakiingiza kwenye ripoti ya mwisho. Na ni kweli mabaki hawakuyapima. Walichofanya ni kukokotoa sauti: hata kipande kidogo kabisa cha kilipuzi kinachoweza kukata nguzo ile kingesikika desibeli 130 hadi 140 umbali wa mita 800. Video zilizorekodiwa jirani hazina kishindo cha namna hiyo.

Sasa la Iraq. Ni kweli walidanganya. Ndiyo maana tutafute ushahidi usiopita mikononi mwa serikali. Kituo cha mitetemeko cha Chuo Kikuu cha Columbia, kilomita 34 kutoka pale, kilinasa kuanguka kwa minara kwa ukubwa wa 2.1 na 2.3, na mtetemo mkubwa unaanza na kuanguka kwenyewe. Halafu tazameni Tehran: jengo la Plasco, orofa 17 za fremu ya chuma, liliwaka moto Januari 2017 likaporomoka wazima moto wakiwa ndani. Iran haina sababu ya kuisaidia Marekani kutunga hadithi.

FundiGeti
Niongeze moja juu ya maandalizi. Mwaka 1998 lilibomolewa duka la Hudson kule Detroit kwa baruti. Jengo lilikuwa tupu, na bado mafundi 12 walichukua siku 24 kutega vipande zaidi ya 4,000. Minara ile ilikuwa na maelfu ya watu kila siku ya kazi. Nani alibomoa kuta kufikia nguzo asionekane?

Sauti_ya_Wanyonge
Hilo la Plasco sikulijua. Kuhusu mabaki kutopimwa bado sijaridhika, na nitaendelea kuuliza. Lakini hoja ya sauti ni nzito, nakubali.

MamaYaRehema
Binti, usingoje Jumamosi. Kaa naye nyumbani kabla, wawili tu, umuulize: "Ingekuwa mabomu, tungekuta nini?" Aandike yeye mwenyewe, kisha mtafute pamoja kimoja kimoja. Na hilo la Iraq mkubalie tangu mwanzo, tena mbele ya watu.

BintiMkomani
Ahsanteni sana. Nimeongea naye usiku huu. Hoja ya chuma kuyeyuka ameiacha mwenyewe baada ya kumsomea alichoandika Fundi. Ya jengo namba 7 bado anaipigania, na nimemwambia aje nayo, pamoja na hilo la mabaki kutopimwa. Tumekubaliana video aonyeshe yeye, jengo namba 7 kwanza, kisha ubomoaji wa baruti unaojulikana, vijana wasikilize zote mbili kwa sauti kamili kabla yeyote hajazungumza. Spika ya simu haitatosha. Kuna aliye karibu na Mkunguni mwenye spika nzuri ya kutuazima Jumamosi?

MaalimShela
Ninayo ya madrasa. Mtume kijana aje aichukue Jumamosi baada ya alasiri, anijie na waya mrefu wa umeme.