htmlspecialchars inarudisha patupu kwenye neno "ng’ombe", naomba ushauri

Wakuu habari zenu. Nina mfumo wa zamani wa taarifa za mifugo, ulioandikwa kwa lugha ya programu ya PHP, toleo la 5.3. Juzi nimeuhamishia 7.4, na sasa baadhi ya maelezo hayaonekani kabisa, wala hakuna ujumbe wa kosa.

Nimefuatilia siku mbili. Maelezo yanayopotea yalinakiliwa kutoka Word, yana ile alama ya king’ong’o iliyopinda, ambayo kwenye Windows-1252 (usimbaji wa herufi wa Windows) ni baiti 0x92. Zamani htmlspecialchars (kitendakazi cha PHP kinachoandaa maandishi kwa ukurasa wa wavuti) ilichukulia usimbaji wa ISO-8859-1, ikaipitisha. Tangu 5.4 inachukulia usimbaji wa UTF-8, na hadi 8.0, ikikuta baiti isiyo halali inarudisha mtungo mtupu. Yaani herufi moja inafuta aya nzima!

ENT_SUBSTITUTE (chaguo la kuweka alama mbadala pale penye baiti mbovu) nimeijaribu: aya inarudi, ila ng’ombe anapata alama ya kuuliza katikati. Sitaki hivyo, hizi ni kumbukumbu za wafugaji.

Je, niweke default_charset (mpangilio wa usimbaji wa PHP) iwe ISO-8859-1, au nigeuze hifadhidata yote kuwa utf8mb4 (UTF-8 ya hifadhidata)? Ninachohofia ni rekodi za karibuni, naona nyingine tayari ni UTF-8 ndani ya jedwali lile lile la latin1 (usimbaji wa zamani wa hifadhidata). Aliyewahi kuzitenganisha alifanyaje?