Mabano kwenye msimbo wa kusafisha kweri za Postgres, niyatoe au niyaache?

mtunza_draiva
Wakuu habari zenu. Nimekabidhiwa kutunza laibrari ya draiva ya Postgres (inayounganisha programu na hifadhidata hiyo) na kuna sehemu inanitatiza. Tukitumia simpo protokali (kweri inatumwa kama maandishi matupu) draiva yenyewe ndo inapachika thamani ndani ya kweri, pale penye $1, $2, kabla ya kutuma, sasa aliyekuwepo kabla yangu kaweka kila thamani kwenye mabano, yaani $1 ikiwa 5 inatoka (5), na hakuacha komenti wala testi ya kueleza kwa nini. Watu wanalalamika SET statement_timeout TO $1 inagoma, maana pale Postgres haitaki mabano. Kuna mtu katuma mabadiliko ya kuyafuta yote na testi zote zinapita. Niyapokee?

nukuu_moja
Usiyapokee mkuu!! Hayo mabano yanaziba tundu. Angalia hii:

SELECT * FROM akaunti WHERE salio = -$1 AND jina = $2

Mtu akileta -5 kwenye $1, bila mabano inakuwa --5, na vistari viwili kwa Postgres ni komenti mpaka mwisho wa mstari, kwa hiyo AND jina na ile nukuu inayofungua $2 vyote vinamezwa. Sasa $2 ikiwa na mstari mpya ndani yake, kinachofuata hakiko tena ndani ya nukuu, ni SQL tupu, na simpo protokali inakubali amri kadhaa kwa mpigo, anaandika tu 0; DELETE FROM akaunti; -- Na inapita. Kurudufu nukuu zilizo ndani ya thamani, kama draiva zinavyofanya kujikinga, hakusaidii hapo kwa sababu hajatumia nukuu hata moja. Ndo ile CVE-2024-27289 (CVE ni namba ya tundu la usalama lililosajiliwa) ya pgx, draiva ya Postgres ya lugha ya Go, na draiva ya JDBC ya Java nayo ilikuwa na CVE-2024-1597 kwa waliowasha preferQueryMode=simple.

kipanga
Nakazia, ila hao wa SET nao wana haki yao. pgx walianza na mabano wakakutana na kilio hichohicho, Machi 2024 wakaweka nafasi kabla na baada ya kila thamani badala ya mabano. Inatoka - -5, komenti haianzi, na SET inaenda.

mtunza_draiva
Asanteni sana, hilo la nafasi limenifungua macho. Si inatosha kuiweka kwa namba hasi tu?

nukuu_moja
Weka kwa zote. Ukianza kuchagua, kesho mtu anaongeza aina nyingine ya namba anasahau sharti lako na tundu linarudi bila mtu kujua. Na kabla hujagusa chochote andika testi ya -$1 yenye -5 pamoja na $2 yenye mstari mpya, juu yake komenti inayotaja namba ya CVE.

Afu cheki kama draiva inakagua standard_conforming_strings, mpangilio wa Postgres unaofanya bakslashi ndani ya nukuu iwe herufi ya kawaida tu. Ni on yenyewe tangu Postgres 9.1 lakini mtu anaweza kuizima, na ikizimwa bakslashi inaanza kula nukuu zako, kwa hiyo kataa kabisa kutuma kweri ukikuta iko off. Kataa pia kama client_encoding (usimbaji wa herufi) sio UTF8.

kipanga
Na kama watumiaji wako wako kwenye simpo protokali kwa ajili ya PgBouncer tu (programu ya kati inayogawana miunganisho ya Postgres), waambie tangu 1.21 ya mwaka 2023 inakubali prepared statements, yaani kweri zinazoandaliwa kwanza kwa seva, hata kwenye transaction mode, ambapo muunganisho unagawiwa kwa kila muamala. Wakihamia huko thamani zinaenda kwa seva peke yake nje ya kweri, huu msimbo wote hauwahusu tena.