Negativu mbili za bibi: nichape ipi?

NuruYaDirisha
Wakuu, naomba macho yenu. Jumapili nilimpiga bibi picha kwa kamera ya filamu za inchi 4 kwa 5, lenzi ya milimita 210, mwanga wa dirishani tu. Filamu za ISO 100 zilikuwa zimebaki mbili, nikazitumia zote, nikapata negativu mbili (filamu zilizosafishwa, cheupe kikiwa cheusi na cheusi cheupe).

Ya kwanza ni safi, macho makali, lakini bibi amekaa kama yuko ofisi ya vitambulisho. Ya pili, nimeshachomeka holda (kasha jembamba linaloshika filamu) na kuvuta kifuniko chake, kitukuu akapita mlangoni. Bibi akainama mbele kidogo, akatabasamu. Nikabonyeza. Fokasi imeangukia sikioni na kwenye kanga begani, macho yamelainika. Tena mwanga umevuja pembeni, na nikichapa kuna kidoa cheusi shavuni. Familia inataka moja ya kutundika sebuleni.

FundiGiza
Ya pili. Ila kasoro hizo usizitie kapu moja. Macho yamelainika kwa sababu bibi alisogea, na kusogea huko ndiko kulikoleta tabasamu. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Mwanga uliovuja ni wa holda yako, bibi hahusiki. Kata ukingo huo. Kidoa cheusi ni vumbi lililokaa juu ya filamu kabla hujapiga, likazuia mwanga. Kwenye negativu utakuta kitundu cheupe. Kiguse kwa penseli laini taratibu, kichapike cheupe, kisha ukizibe kwa wino kwenye picha yenyewe.

Mama_Lenzi
Mimi ningerudi kwa bibi. Picha ya sebuleni hutazamwa miaka mingi, na mtu hutafuta macho kwanza. Kwa tundu la lenzi la f/5.6, karibu hivyo, una kama sentimita tano tu za ukali, mbele hadi nyuma. Punguza tundu hadi f/16, utapata karibu mara tatu yake. Seydou Keïta, mpiga picha wa studio kule Bamako, Mali, alipiga kwa filamu za sentimita 13 kwa 18, mara nyingi picha moja tu kwa mteja, ila alimpanga mtu vizuri kabla ya kubonyeza.

FundiGiza
Dada, nakubali kuhusu kupanga. Lakini 5.6 hadi 16 ni stopu tatu, na kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu: muda wa kupiga wa sehemu ya 8 ya sekunde unakuwa sekunde nzima. Bibi atalazimika kuganda, na bibi aliyeganda tayari Nuru anaye kwenye negativu ya kwanza.

Pwani_Mashariki
Julia Margaret Cameron, mpiga picha Mwingereza, alipewa kamera mwaka 1863, akiwa na miaka 48. Wakosoaji wa Uingereza walimsema sana kwa fokasi laini na alama za vidole kwenye vioo vyake vya negativu. Tazameni alivyompiga mwanasayansi John Herschel mwaka 1867: nywele zimetimka, uso umetoka gizani. Kwangu hiyo ni sura ya mtu aliye hai, na ukali zaidi usingeniongezea kitu. Chapa ya pili, kubwa.

NuruYaDirisha
Asanteni nyote. Holda nimeikagua: kitambaa cheusi cha mdomoni kimelika, nimeiweka kando. Nimechapa zote mbili nikampelekea bibi mwenyewe. Ya kwanza aliiweka mezani. Ya pili aliishika muda mrefu, akapitisha kidole begani, palipo pakali kuliko kote, akasoma jina la kanga herufi kwa herufi. Ile kanga aliletewa na marehemu babu. Fremu nachukua Ijumaa.